Pua Nilizozinyonya

Mtoto mchanga akizibwa pua hana pa kwenda. Mtu mzima anaachama mdomo, anakoroma, anaendelea na kazi zake. Kichanga hajui hilo. Unampa ziwa analikamata kwa pupa, anavuta mara mbili, pumzi inamkatika, analiachia na kulia. Unampa tena, yale yale. Siku moja ikipita hivyo mtoto ana njaa, mama yake maziwa yamemjaa mpaka kifua kinauma, na ndani ya nyumba hakuna aliyebaki na akili zake. Watu wanasema mafua si ugonjwa. Wanaosema hivyo hawajawahi kukaa na mtoto wa wiki nne aliyezibwa pua.

Dawa tuliyoikuta kwa waliotutangulia ilikuwa mdomo wa mtu mzima. Unakaa kwenye mkeka, unanyoosha miguu, unamlaza mtoto mapajani. Unafunika pua yake yote kwa midomo yako, unavuta polepole, kamasi linakuja. Lina chumvi. Unatema kwenye majivu, unarudia. Kama limeganda unapuliza kidogo tu, kama unapoza uji wa kijiko, lilegee, halafu unavuta. Wasichana wa siku hizi wakiona wanageuza uso. Mimi sikuwahi kuona kinyaa. Kamasi la mtoto ni kama jasho lake, litakufanya nini?

Nilizaliwa kambini, Korogwe, baba yangu alikuja kukata mkonge kutoka mbali na hakurudi kwao. Kule kambini niliona wanawake wa makabila yote wakinyonya watoto pua, ila mimi mwenyewe sikufanya mpaka nilipoolewa huku Kang'ata. Mama mkwe wangu ndiye aliyenifundisha, na alinifundisha kwa ukali. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba unasukutua mdomo kwanza, hata kama hujala kitu. Nikisahau ananipiga begani kwa kiganja. Basi nikawa nasukutua, nanyonya, natema. Wanangu sita niliwanyonya hivyo. Watoto wa mawifi, watoto wa majirani. Mwanamke anasimama mlangoni na kifurushi chake, "Hodi bibi, nimekuletea huyu, hajashika ziwa tangu jana," naacha mahindi kwenye ungo, nanawa, nasukutua, nafanya kazi. Mtoto akirudi kwa mama yake ananyonya mpaka anatoka jasho. Sikuwahi kudai hata kipande cha sabuni. Nilijua tu kwamba upande huu wa kijiji, pua za watoto ni zangu.

Ugoro nao niliuanza kwa ajili ya pua. Baada ya kumzaa kitinda mimba nilishikwa na mafua yasiyokwisha, usiku nalala nimekaa. Mama mkwe akanipa ugoro kidogo kwenye ukucha wa kidole gumba. "Vuta." Nikavuta. Nilipiga chafya mpaka nikajikojolea kidogo, machozi yakanitoka, lakini pua ikafunguka, nikasikia harufu ya moshi wa jikoni kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Kesho yake nikaomba tena. Mwaka uliofuata nilikuwa sivuti tena puani, nauweka chini, kati ya fizi na mdomo, na pua ilikuwa imeshapona zamani. Tumbaku iliyosagwa na magadi, basi. Inakuunguza kidogo, halafu kichwa kinatulia. Nilikaa nao zaidi ya miaka thelathini.

Huyo kitinda mimba ndiye mwanangu ninayetaka kumsimulia. Anafanya kazi Korogwe, anaendesha lori la mkonge, nyumbani anakuja siku za mwisho wa wiki. Alioa binti wa Vugiri, Mshambaa, mpole, mwenye sauti ndogo, ila mdomo anao ukimchokoza. Mimba mbili zilimtoka. Ya pili ilitoka ikiwa na miezi mitano, nikaizika mimi mwenyewe nyuma ya migomba, yeye akiwa ndani kajifunika kanga uso. Kwa hiyo ya tatu ilipofika miezi saba, nyumba nzima tulikuwa tunatembea kwa kunyata. Hakuna aliyetamka neno mtoto kwa sauti.

Siku moja walirudi wawili kutoka kliniki, mwanangu akanifuata jikoni. Mke wake alisimama nyuma yake.

"Mama, nina ombi."

"Sema."

"Ugoro. Mtoto akija, sitaki ugoro kwenye nyumba hii."

"Mtoto anavuta ugoro?"

Mke wake akacheka, akajiziba mdomo. Mwanangu hakucheka.

"Mama, tumeelezwa kliniki. Sigara, ugoro, vyote. Mtoto mdogo hataki hata harufu yake."

"Mbona wewe umekua? Umelelewa ugoro upo humu ndani, na leo unaendesha lori."

"Mama."

"Haya. Nimeacha."

"Apa."

"Wewe! Mimi nikuapie wewe niliyekutoa kinyesi?"

"Apa, mama. Kwa ajili ya huyu."

Nilimwangalia binti wa watu amesimama pale na tumbo lake, miguu imevimba, nikaapa. Nilisema wallahi, tena mara mbili, na niliposema nilikuwa sidanganyi. Niliacha siku tisa. Siku ya kumi nilikwenda gulioni kununua dagaa, nikarudi na dagaa na kipakiti cha ugoro. Nilikificha nyuma ya jiko, katikati ya kuni. Nikawa nakwenda kule mara tatu, mara nne kwa siku, kama mtu anayekwenda kuangalia kuku. Mtu wa umri wangu anajificha nyuma ya jiko lake mwenyewe. Niliona aibu, lakini aibu haikunizuia.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, na arobaini ikaanza. Mzazi alikaa ndani, mimi napika, nafua, namkanda kwa maji ya moto. Ulikuwa wakati wa baridi, ule upepo unaoamka asubuhi na kuleta vumbi la barabarani mpaka kwenye chungu. Tulizoeana zaidi siku hizo kuliko miaka yote iliyopita.

"Nyie watu wa milimani," nilimwambia, "mmezaliwa ndani ya ukungu, baridi ya Kang'ata inakushindaje?"

"Mama, kwetu baridi ni baridi. Huku ni mavumbi yanapiga mbio."

"Basi vaa soksi, unisubiri nikuletee mlima."

"Ukiuleta uje na magimbi."

Nilikuwa nacheka peke yangu jikoni nikikumbuka.

Aliyeanza mafua ni mimi. Nilipiga chafya siku mbili, nikajifunga kitambaa puani ninapombeba mtoto, lakini mafua hayaombi njia. Siku ya nne mtoto akaanza. Kwanza maji maji tu, halafu yakawa mazito, halafu yakaziba. Alikuwa anapumua kwa sauti kama mtu anayekwangua sufuria. Asubuhi ile mkwe wangu alikuwa hajalala, macho mekundu, ziwa moja lilikuwa gumu kama jiwe.

"Mama, nimpeleke kituo cha afya?"

"Kwa mafua? Utoke arobaini haijaisha, umpandishe bodaboda kwenye upepo huu, kwa mafua? Watakucheka."

"Hanyonyi, mama."

"Atanyonya. Subiri nimalize kazi moja."

Kazi yenyewe ilikuwa nyuma ya jiko. Nilikuwa sijaweka kitu mdomoni tangu alfajiri na mafua yalikuwa yananipiga kichwani. Nikachukua ugoro mwingi kuliko kawaida, nikauweka, nikaegemea ukuta, nikafumba macho. Hapo ndipo niliposikia mtoto amelia kilio kile cha kukatika, na mama yake akaniita, "Mama! Mama njoo umnyonye, wewe ndiye unayejua!"

Nataka niliseme hili taratibu, kwa sababu ndilo lililobaki.

Maji yalikuwepo. Ndoo ilikuwa chumbani, karibu na kitanda cha mzazi, na kata ikiwa juu yake. Ili nisukutue ilinibidi nisukutue mbele yake, na maji ambayo yangetoka mdomoni mwangu yangekuwa ya kahawia. Angeyaona. Angemwambia mumewe, au asingemwambia, angeninyamazia tu, na hilo nililiona baya zaidi. Kwa hiyo nilitema ule ugoro pale nyuma ya jiko, nikajifuta mdomo kwa ncha ya kanga, mara moja, mara mbili, nikapitisha ulimi kwenye fizi. Nikajiambia panatosha. Nikaingia.

Nilikaa kwenye mkeka, akanilazia mtoto mapajani. Uso wake ulikuwa mdogo kiasi kwamba midomo yangu ilifunika pua na mdomo wake wa juu pamoja. Nikavuta. Tundu la kulia likafunguka. La kushoto lilikuwa gumu. Nikapuliza kidogo, kama nilivyofundishwa, nikavuta, halikuja. Nikapuliza tena. Nikavuta kwa nguvu, likaja, refu, nikatema. Mtoto akapiga chafya ndogo kama ya paka.

"Mpe," nikasema.

Akashika ziwa. Akanyonya. Tulikaa tukimsikiliza anavyomeza, na mkwe wangu alifumba macho, machozi yakamtoka.

"Mungu akupe umri, mama," akaniambia.

Nilijisikia vizuri sana. Sitaficha hilo. Nilitoka nje nikiwa najisikia mtu.

Hakikupita kitambo. Nilikuwa ndio kwanza nimebandika uji. Aliniita kwa sauti nyingine kabisa. Nilipoingia mtoto alikuwa ametapika maziwa yote, na mate yalikuwa yanamtoka mfululizo, mengi, kama bomba limepasuka. Uso umepauka. Nilimshika mkono, ukaanguka. Nikamshika mguu, ukaanguka. Paji lake la uso lilikuwa na jasho la baridi na mtoto wa wiki nne hatoki jasho asubuhi ya upepo. Kidevu kilikuwa kinatetemeka kidogo kidogo.

Nilijua. Watu wamewahi kuniuliza kama nilijua wakati ule ule. Nilijua, kwa sababu kila mtumiaji wa ugoro anaikumbuka siku yake ya kwanza: mate, kutapika, jasho la baridi, miguu kukuishia nguvu. Nilimwona mtoto yumo kwenye siku yangu ya kwanza, na yeye hakuwa na mwili wa kuibeba.

Nilisema, "Twende."

Tulikwenda wote kwenye bodaboda moja, dereva, mimi, mkwe wangu nyuma na mtoto katikati yetu ndani ya kanga tatu. Njia nzima yeye alikuwa ananiuliza sikioni, "Anapumua? Mama, muangalie, anapumua?" Nami nafungua kanga, naangalia, nasema anapumua. Nilikuwa natamka hilo neno moja tu. Nilikuwa na nafasi ya kusema mengine.

Kituo cha afya kilikuwa kimejaa wanawake wa siku ya chanjo. Nesi alituona kutoka mbali, akaacha alichokuwa anafanya, akamchukua mtoto. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye haraka.

"Shikamoo bibi. Ana nini?"

"Mafua," nikasema.

"Mafua hayalegezi hivi. Ana muda gani?"

"Tangu asubuhi," mkwe wangu akasema. "Alikuwa hawezi kunyonya, pua imeziba. Bibi yake akamnyonya, akapona, akanyonya vizuri, halafu ndio ikawa hivi."

Nesi alikuwa ameshamuweka kitandani, anahesabu pumzi, jicho moja kwenye saa. Bila kuinua kichwa akauliza, "Aliyemnyonya ni nani?"

"Mimi."

"Mdomoni ulikuwa na kitu? Dawa, mafuta, chochote?"

Nilimwangalia mkwe wangu. Alikuwa ananiangalia kwa imani kabisa.

"Hapana," nikasema.

Nesi akamgeukia yeye. Hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya, kwa sababu nesi hakuwa mjinga, aliona mtoto ameingiwa na kitu, na kama si bibi basi ni mama.

"Dada, mmempa nini huyu?"

"Maziwa yangu tu."

"Usinifanye mtoto mwenzio. Dawa ya majani? Ya kuzuia degedege? Mafuta ya taa mmempaka?"

"Nesi, hakuna."

"Kila siku mnaniambia hakuna. Mnawapa vitu huko majumbani, wakilegea ndio mnakimbilia hapa. Ukinificha mimi sina hasara, unamuua mwanao mwenyewe. Sema!"

Wanawake wa chanjo walikuwa wamegeuka wote kututazama. Mmoja alisema kwa chini, "Wasichana hawa na madawa yao." Mkwe wangu alikuwa amesimama na kanga imelowa maziwa kifuani, anatikisa kichwa tu, anasema wallahi sijampa, wallahi sijampa. Neno lile lile. Kwake lilikuwa kweli.

 Nesi alimuwekea mtoto mpira wa hewa puani, akaenda, akarudi na daktari kijana, wakazungumza wawili kwa haraka. Daktari akasema huenda ni degedege linaanza, huenda ni nimonia, waandae sindano. Nesi akaanza kufungua kichupa. Muda wote huo sikusema. Ukiniuliza nilikuwa nafikiri nini, nilikuwa nafikiri labda atapona kabla sijasema. Nilikuwa nafanya bei na Mungu kama mtu yuko gulioni.

Halafu niliona kucha za mtoto. Zilikuwa zimegeuka rangi, kama amechezea wino.

"Nesi," nikasema. "Ugoro."

"Nini?"

"Nilikuwa na ugoro. Niliutema, sikusukutua. Ulikuwa hapa." Nikavuta mdomo wa chini kwa kidole mwenyewe, nikamwonyesha.

Alinisogelea, akaangalia, na sijui aliona nini lakini alirudi nyuma. Daktari akauliza ni muda gani umepita, nikamwambia. Akauliza nilipuliza au nilivuta tu, nikamwambia nilipuliza, mara mbili. Akauliza kama kulikuwa na magadi, nikasema yapo. Nesi alikiweka kichupa chini. Kuanzia hapo hawakunitazama tena, walikuwa na kazi. Walileta mashine ya kuvuta makohozi, wakamvuta mdomo na pua, wakamwosha mdomo kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kikatoka na alama ya kahawia, ndogo, kama chozi la chai. Daktari alikaa na kile kifaa chao cha kusikilizia masikioni muda mrefu sana. Mara moja akasema, "Pumzi zinapungua," nesi akaleta kile kipira cha kusukumia hewa, wakampulizia kwa mkono, moja, nyingine, nyingine. Nilikuwa nahesabu nao kimoyomoyo na nilipoteza hesabu.

Mkwe wangu alikuwa upande wangu wa kitanda. Aliondoka, akazunguka, akasimama upande wa pili. Hakulia. Kisha akasema, wala hakunipandishia sauti:

"Kulikuwa na maji, mama. Ndoo ilikuwa hapo hapo kwangu."

Nilisema, "Ndiyo."

"Ungesema tu nikupe kata."



Mtoto alilia alasiri. Kilio chembamba, cha hasira. Nesi akasema, "Huyo sasa," na akajifuta jasho kwa mkono wa gauni. Walimweka siku tatu. Siku ya kwanza hakushika ziwa, alipewa maziwa ya mama yake kwa mpira mwembamba. Siku ya pili alishika na kuachia. Pua bado ilikuwa inaziba, maana mafua yenyewe yalikuwa hayajaondoka, mafua hayakujua kwamba kuna mambo makubwa yametokea.

Ndipo nesi alipomfundisha mkwe wangu. Alimwambia achemshe maji safi ya kikombe kimoja, atie chumvi kidogo sana, ya kukaa kwenye ncha ya kijiko, ayaache yapoe kabisa. Amlaze mtoto chali, amdondoshee tone moja au mawili kila tundu, asubiri kidogo, ampanguse kwa pamba au kitambaa laini, halafu ndipo ampe ziwa. Kabla ya kila kunyonya. Kama kuna kile kipira cha kufyonzea, akibonyeze kwanza nje, asikiingize mbali. Hakuna mafuta ya kunusisha mtoto wa umri huo, hakuna kumfukiza, hakuna mdomo wa mtu. Na mtoto akiacha kunyonya, au akavuta pumzi mbavu zikiingia ndani, asisubiri mtu amalize kazi yake.

Alisema hilo la mwisho bila kujua. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pa kitanda.

"Na wewe bibi sikiliza," akaniambia, "wewe ndiye wanaokuletea."

"Nasikia," nikasema.

Mwanangu alifika jioni ya siku ile ile ya kwanza, na vumbi la mkonge kwenye nywele. Alikwenda kwa mtoto, akakaa naye. Halafu alitoka nje nilipokuwa nimekaa kwenye kibaraza. Alisimama.

"Mama, si uliapa?"

"Niliapa."

"Na nesi alikuuliza."

"Aliniuliza."

Alisubiri niseme kitu. Nami nilimsubiri, nilitaka anitukane, nilikuwa tayari. Alivua viatu, akakung'uta mchanga, akavaa tena, akaingia ndani. Kumbe mkewe ndiye aliyemsimulia yote, kwa utulivu. Hakuongeza, hakupunguza.

Siku ya tatu alikuja mama yake mkwe wangu kutoka Vugiri kumchukua binti. Alinisalimu kama anavyosalimiwa mkwe, habari za hapa, habari za siku nyingi, poleni kwa kuuguliwa. Hakuniuliza kitu. Alimbeba mjukuu wetu, akamfunika vizuri, wakaingia kwenye gari dogo alilokodi mwanangu. Arobaini ilikuwa imebakiza siku nane na ilikuwa imalizikie kwangu. Nilirudi Kang'ata na ndoo, na kanga za uzazi, na unga wa lishe ambao haukufunguliwa.

Ugoro niliutupa chooni siku hiyo. Watu wanafikiri mtu akipata mshtuko hamu inakufa. Haifi. Miezi mitatu nilikuwa naamka na mate yamejaa mdomoni, nakwenda nyuma ya jiko mpaka kwenye kuni kabla sijakumbuka, nasimama pale. Bado nautamani, hata ninapoandika haya. Siuweki.

Wanawake waliendelea kuja. Wa kwanza alikuwa jirani wa mtaa wa pili, na pacha mmoja aliyezibwa. Nikamwambia simnyonyi, nikamwelekeza maji ya chumvi. Akaona nimemdharau.

"Bibi, nimekukosea nini? Mbona wengine uliwanyonya?"

Nikamwambia sababu. Nilimwambia yote, mlangoni, kwa sauti ya kawaida, na ugoro na kiapo na ndoo. Alimkumbatia mtoto wake akarudi nyuma hatua moja. Kufika Ijumaa kijiji kizima kilikuwa nayo. Sikujali sana. Kuna bibi wengine wawili hapa kijijini wanaonyonya watoto, na wote wanaweka ugoro, nami nilikwenda kwa kila mmoja nyumbani kwake nikamwambia. Mmoja alinifukuza. Wa pili alisema, "Mimi nasukutua," nikamwambia, "Hata mimi nilikuwa nasukutua."

Vugiri nilipanda mtoto akiwa na miezi saba. Mwanangu ndiye aliyesema niende, alinipigia simu, akasema, "Nenda tu mama, nimeshaongea naye." Kule ni baridi kweli, ukungu unaingia mpaka mlangoni. Mtoto alikuwa mnene, na alikuwa na mafua. Nilimsikia anakwaruza pumzi kabla sijamwona.

Mkwe wangu alinikaribisha, akanipa kigoda, akanipa chai. Alinipigia shikamoo kwa magoti kama zamani. Kisha akaja na mtoto mkononi, akasimama mbele yangu, na hakunipa. Aliinama karibu kabisa na uso wangu kama mtu anayetaka kuninong'oneza. Nikadhani anataka kusema kitu. Alikuwa ananusa.

Mama yake alikuwepo pale, na dada zake wawili, wote wakaangalia pembeni.

Nikaachama mdomo, nikavuta mdomo wa chini, kisha wa juu, akaangalia fizi zangu mwanga ulipokuwa unaingia. Hakuharakisha. Halafu akaniwekea mtoto mapajani, akaenda kuchukua yale maji ya chumvi.

"Mshike kichwa, mama, asitikisike," akasema.

Nilikaa nao siku nne. Kila aliponipa mtoto, aliinama kwanza. Nami kila alipoinama nilifungua mdomo, na siku ya nne nilikuwa nafungua kabla hajafika.